Watoto Hawahesabiwi

Katangi,
17 Mei 2003

Mpendwa Shangazi Loise,

Nikianza na salamu nitapoteza ujasiri, kwa hivyo salamu zitangoja kidogo. Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kuniangalia usoni.

Nilipokuwa darasa la kwanza, mwalimu aliniita mbele nihesabu mpaka ishirini. Sikufika mbele. Nilishikwa na woga nikajikojolea pale pale kwenye dawati. Tulikuwa tunakaa watatu kwa dawati moja, na aliyekuwa karibu nami ni Nzisa, binti wa mama mmoja anayevunja kokoto. Nilisogea. Nilipoona mwalimu anakuja nilisogea tena, kisha nikamnyooshea Nzisa kidole. Alichapwa, akabandikwa jina la Kidimbwi, na muhula ulipoisha hakurudi shuleni. Mimi niliendelea. Watu husema Syombua ni msichana wa vitabu. Hawajui kwamba nilianza kupenda vitabu kwa sababu havimtazami mtu.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo. Mvua ilikatika mapema, mahindi yamejikunja lakini kunde zimesimama. Festus, kaka yangu, amevunja kikombe cha nyanya yetu Susu na kumsingizia kuku. Susu anasuka kiondo kipya na anauliza kama huko unakula chakula ama unakula mkate tu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita nilipita kwenye mawe, kule chini ya barabara, nikamwona Nzisa. Sasa anavunja kokoto kando ya mamake. Ana mdogo wake wa miaka sita, Nzembi, ambaye anashinda pale na watoto wengine wa akina mama wa mawe. Wote ni kumi na mmoja. Wanakaa chini ya gunia lililofungwa kwa vijiti, nywele nyeupe kwa vumbi. Tangu shule ya msingi iwe ya bure Januari, akina mama waliwatoa nasari, ile shule ya chekechea, kwa sababu nasari bado inalipiwa. Walidhani wataingia la kwanza moja kwa moja. Lakini mwalimu wa la kwanza anawajaribu kwanza: rangi, jina lako, kuhesabu mpaka ishirini. Nzembi alirudishwa. Mamake amesema akirudishwa tena Januari ijayo, atampa nyundo kama dadake.

Nimeamua hatapewa nyundo. Kila Jumamosi namwambia Mama naenda maktaba ya shule, kisha nakwenda kwenye mawe. Sina kitu cha kuwapa watoto isipokuwa chaki moja. Huko kiwandani mnakoshona, hakuna vitu vinavyotupwa? Hata vitambaa vidogo.

Ni mimi mtoto wako,
Syombua


Athi River,
8 Juni 2003

Syombua mwanangu,

Salamu nyingi kama nyuzi. Mimi ni mzima. Shiku, yule wa Murang'a ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimia pia. Wiki hii tunashona suruali za watoto wa ng'ambo, mifuko sita kwa suruali moja! Shiku anauliza hao watoto wanabeba nini. Mwambie Susu ninakula chakula. Mwambie Festus kuku hana mikono.

Barua yako tuliisoma Jumapili. Nimekutumia gunia moja kwa mkono wa Ndunda jirani yenu, alipokuja huku kuona mkewe. Ndani kuna koni za plastiki, zile nyuzi zinapozungushwa, za rangi nyingi. Uzi ukiisha zinatupwa. Kuna vitambaa pia. Usiogope, sikuiba. Nilimwomba supavaiza barua ya kupita geti, akaniuliza, "Loise, umeanza kula plastiki?" Nikamwambia ni za watoto. Akatia sahihi.

Nisikilize. Wewe unajua kukaa na kitabu. Mtoto wa mawe hajui kukaa. Usimketishe. Mwachie hizo koni uone atafanya nini, kisha umfuate.

Na ile habari ya dawati. Umeniambia mimi. Mimi si Nzisa.

Shangazi yako,
Loise


Katangi,
5 Julai 2003

Mpendwa Shangazi Loise,

Natumaini hujambo pamoja na Shiku. Sisi tunaendelea. Kikohozi cha Mama kimepungua, na Susu amekataa kikombe kipya cha plastiki, anasema chai haina ladha ndani yake. Ndunda alileta gunia salama.

Ulisema kweli. Kabla gunia halijafika nilikuwa nimewaandikia a, e, i, o, u kwenye mgongo wa karai kuukuu, nikawaambia wanyamaze. Wawili walilala. Mukai, ambaye ana miaka minne na hamwogopi mtu, aliniuliza, "Wewe ni mwalimu ama ni mtoto mrefu?" Akina mama walicheka mpaka nyundo zikasimama.

Nilipomwaga koni chini, sikusema kitu. Ni Nzembi aliyeanza. Alizipanga kwa rangi bila kuambiwa, akatangaza kwamba ni malori ya kokoto. "Lori ya bluu ikae na ya bluu. We Mukai, hiyo ni ya kijani, unaangalia na masikio?" Wakatafuta mkebe wa mafuta ya Kimbo uwe karai. Wakabishana: mikebe mingapi inajaza lori? Mmoja akasema mingi. Nzembi akasema mingi si jibu, dereva ataondoka. Basi wakapima, mkebe baada ya mkebe, nami nikakaa vumbini nikawa dereva. Walinifukuza mara mbili kwa kuchelewa.

Sasa wanajua rangi saba. Wengi wanaandika herufi ya kwanza ya jina kwa kidole, kwa sababu kila lori lazima liwe na jina la mwenyewe. Nzisa hanisalimii, lakini leo aliinua jiwe kubwa lililokuwa karibu na miguu ya watoto akalitupa mbali, kisha akarudi kazini. Sijamwambia bado. Kila nikikaribia namuuliza mambo ya maji ya kunywa.

Kilichobaki ni kuhesabu. Wakihesabu koni wanafika saba kisha wanaanza kuzirusha. Nimebuni mchezo mpya. Watasimama mstari, mmoja atapita akiwagusa wenzake vichwani, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Mtoto hawezi kumrusha mwenzake. Tutaanza Jumamosi ijayo.

Mtoto wako,
Syombua


Athi River,
13 Julai 2003

Syombua,

Natumaini mko wazima. Mimi niko.

Usiwahesabu watoto. Hesabu koni, hesabu mawe, hesabu kitu kingine chochote. Usiniulize kwa nini.

Loise


Katangi,
9 Agosti 2003

Mpendwa Shangazi,

Salamu kutoka kwa wote. Shule zimefungwa. Barua yako fupi niliipata siku ya mwisho ya muhula. Karani wa shule alikuwa ameiweka ndani ya rejista akaisahau. Hata bila hivyo ingechelewa.

Tulicheza ule mchezo tarehe 12 Julai. Nzembi alipita akigusa vichwa, mwisho chake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akafika kumi na moja bila kuruka. Alifurahi sana, Shangazi. Alifurahi hata hakuweza kusimama. Akakimbia mpaka kwa akina mama akaanza kuwahesabia watoto wao kwa sauti: "Mama Mukai, wako ni mmoja, wawili, watatu, wanne!" Mama mmoja alimwambia anyamaze. Nilidhani ni kelele tu inayomsumbua. Nikampigia Nzembi makofi.

Siku ya nne Mukai alishikwa na homa kali. Alibebwa hadi zahanati, kisha akapelekwa hospitali ya wilaya. Jumamosi iliyofuata nilikuta gunia limefunguliwa kwenye vijiti. Kila mama alikuwa amemfunga mtoto wake karibu naye. Mama Nzembi alinijia na vumbi lake lote akasema, "Watoto wetu ni mbuzi wa soko, uwahesabu uwaitie ugonjwa?" Nzisa alisema jambo moja tu, bila kuinua kichwa: "Wewe ukikosea, anayechapwa ni mwingine."

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama amekasirika kwa sababu ya maktaba. Susu amekasirika kwa sababu ya kuhesabu, na hasira yake ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Aliingia ndani akafunga mlango mchana. Nilimuuliza Baba kwa nini, akasema niache mambo ya zamani.

Lakini sikuandikii kwa ajili yangu. Ni Nzembi. Hasemi. Nilimwona juzi akiwa amekaa na mikono chini ya mapaja. Nilimwonyesha koni, nikamuuliza ni rangi gani, akafunika mdomo kwa kiganja. Anaamini mdomo wake ndio uliomwangusha Mukai. Januari mwalimu atamwambia ahesabu, naye atafunika mdomo.

Ulijua. Uliandika usiniulize, lakini lazima nikuulize. Kwa nini?

Syombua


Katangi,
6 Septemba 2003

Mpendwa Shangazi,

Hujambo? Sina hakika kama ulipata barua yangu. Mukai amepona, amerudi na kelele zake zote. Ilikuwa malaria. Nzembi bado hasemi. Nimerudi kwenye mawe kila Jumamosi, Mama sasa anajua. Nakaa mbali kidogo na koni zangu na hakuna anayekuja. Nitaendelea kukaa.

Syombua


Athi River,
28 Septemba 2003

Syombua,

Habari yako. Habari ya Susu. Mimi ni mzima.

Hii barua ninaandika mwenyewe. Zile zingine Shiku aliniandikia, mimi nasema yeye anaandika. Barua zako pia alinisomea. Unisamehe, alisikia habari ya dawati. Lakini hii sikuweza kumwambia aandike. Nimeandika Jumapili tatu. Ndio sababu ya kuchelewa.

Mwaka wa 1979 nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wa sensa walikuja nyumbani. Mtu aliuliza Susu, watoto ni wangapi? Susu akasema, wapo. Akauliza tena. Susu akasema, unaona mwenyewe. Mimi nilikuwa najua hesabu sana. Nikasimama. Nikahesabu kwa sauti nikigusa kila mtu, baba yako, wote, mpaka Nzioka. Nzioka alikuwa mtoto wa mgongoni. Nikasema saba. Yule mtu akasema huyu msichana atakuwa mwalimu.

Wiki ya tatu Nzioka akashikwa na surua. Akafa.

Susu hakunichapa. Hakuniambia kitu. Hakuna mtu aliniambia ni wewe. Lakini pia hakuna mtu aliniambia si wewe. Nilingoja. Kisha nikaacha shule. Niliambia Susu sipendi shule, napenda mbuzi. Ilikuwa uongo.

Sasa niko na miaka thelathini na tatu na najua surua ni nini. Kujua ni kitu kingine. Nzembi ni mdogo, hawezi kungoja miaka ishirini na nne. Mtu amwambie. Si wewe, wewe hawatakusikia. Msomee Susu hii barua. Mimi sina mdomo wa kumwambia.

Pia umuulize Susu vile alikuwa anajua mbuzi wake wote wamerudi, na hakuhesabu hata siku moja.

Loise


Katangi,
11 Januari 2004

Mpendwa Shangazi Loise,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Shiku. Mvua za Novemba zilikuja vizuri, tunakula mahindi mabichi. Festus amefika nafasi ya nne darasani na hatupumziki masikioni. Sikukujibu mapema kwa sababu nilitaka kwanza niwe na kitu cha kukujibu.

Barua yako nilimsomea Susu jikoni. Alikuwa anasuka na hakusimamisha mikono. Nilipomaliza akasema, "Soma tena hapo pa Nzioka." Nikasoma. Sasa mikono ikasimama. Akasema, "Mwaka huo surua ilipita hapa kama moto. Kwa kina Ndunda ilichukua wawili, na kule mtu wa sensa hakuambiwa kitu, mzee alimfukuza na mbwa. Mtoto wangu amebeba hili jiwe peke yake. Na mimi nilidhani ni uvivu wa shule." Kisha akaniambia nipande juu ya dari nimletee kibuyu cha zamani.

Jumamosi hiyo alikuja nami kwenye mawe, akatembea mwenyewe na fimbo. Akaketi kwenye rundo la kokoto kama mwenye kiwanja. Akina mama walimsalimia kwa heshima. Akawaambia, "Watoto hawahesabiwi. Hilo sijalibadilisha na sitalibadilisha. Huyu wangu alikosea kwa sababu hakuuliza, na vitabu vyake havikumwambia. Lakini homa ilitoka kwa mbu." Kisha akamvuta Nzembi katikati ya magoti yake. "Na wewe. Mukai aliumwa na mbu. Mdomo wako hauna malaria."

Mukai akasema, "Na mimi nilidungwa sindano, na sikulia." Mamake akamwambia, "Ulilia mpaka daktari akaziba masikio."

Susu akamwaga vijiwe laini kutoka kwenye kibuyu, akatuonyesha. Asubuhi mbuzi wakitoka, kila mmoja kijiwe chake kinaingia kibuyuni. Jioni wakirudi, kila mmoja kijiwe chake kinatoka. Kikibaki kijiwe, mbuzi yuko porini. Watoto wakawa mbuzi mara moja, hakuna aliyehitaji kufundishwa. Nzembi akawa mchungaji. Mukai alijificha nyuma ya lori la kweli, na kijiwe kikabaki. Nzembi akakitazama. Akatutazama. Kisha akapiga kelele, "Mukai amepotea!" Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu Julai. Tangu hapo tulihesabu vijiwe kila Jumamosi, na watoto wanaokuja ni wengi kuliko mwanzo. Sitakuandikia ni wangapi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Nzisa. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwenye karatasi lakini sikuitoa. Nilisema, "Ule mkojo ulikuwa wangu."

Aliendelea kugonga. Akasema, "Nilijua. Si nilikuwa nimekaa ndani yake?"

Nikasema, "Ulikuwa unajua na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme. Nikachoka kungoja." Akagonga jiwe lingine likapasuka vizuri katikati. Kisha akanipa nyundo. "Sasa vunja. Mimi naenda kucheza."

Akaenda akaketi na watoto chini ya gunia. Nilivunja mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nilimsikia akimuuliza Mukai ile herufi ya lori lake ni gani, na nilimsikia akiirudia mwenyewe polepole.

Jumatatu iliyopita shule zilifunguliwa. Nilimsindikiza Nzembi na mamake. Mwalimu aliketi nje na meza, watoto wakiwa kwenye laini ndefu. Rangi alijibu zote. Jina aliliandika kwenye vumbi kabla hajapewa kalamu. Kisha mwalimu akasema, "Haya, wahesabu wenzako hapo kwenye laini, nikusikie."

Nilimwona Nzembi anainua kiganja kuelekea mdomoni. Mamake akanishika mkono kwa nguvu. Nzembi alinitazama, kisha mkono ukashuka ukaingia mfukoni. Alitoa vijiwe. Akapita kwenye laini akimpa kila mtoto kimoja, kisha akarudi akavikusanya vyote ndani ya sketi yake, akavipanga juu ya meza ya mwalimu, akahesabu kwa sauti ambayo hata walio barabarani walisikia. Alifika kumi na tisa. Akaongeza kimoja kutoka mfukoni. Akasema, "Ishirini. Hiki ni changu."

Mwalimu akauliza, "Kwa nini hukuwahesabu wao tu?"

"Watoto hawahesabiwi, mwalimu. Vijiwe vinahesabiwa."

Mwalimu ni mtu wa hapa hapa kwetu Yatta, mwiko anaujua. Alitazama chini kidogo, akafungua rejista, akaandika jina la Nzembi.

Susu anasema uje Pasaka. Amerudisha kibuyu kwenye dari, lakini kabla ya hapo alitia ndani vijiwe vya watoto wake, kimoja kimoja. Cha Nzioka alikitia pia. Chako alinipa nikishike kwanza, kisha akakitia mwenyewe. Anasema nikuandikie hivi kama alivyosema: si wewe.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilimwambia Mama ninakokwenda, nikachukua koni na mkebe wa Kimbo na kitabu kimoja cha hadithi. Kitabu nilimpa Nzisa. Yeye alikaa chini ya gunia na watoto, mimi nikashika nyundo. Nilivunja karai tatu mpaka saa kumi. Kisha tukabadilishana.

Mtoto wako,
Syombua